Nyasi zipo, mbona ng'ombe wanakonda?

Swali: Mtaalamu, nafuga ng'ombe 20 wa nyama. Kiangazi nyasi kavu zimejaa kwenye ngitili (malisho ya akiba), lakini mifugo inakonda. Niwaongezee nini?
*Mfugaji, Shinyanga*

Jibu: Ndugu mfugaji, tumbo limejaa lakini mwili una njaa. Nyasi zikikauka sana, protini yake hushuka chini ya asilimia 7. Vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi hudhoofika, na ng'ombe hupunguza kula.

Kwa hiyo tanguliza protini kabla ya pumba. Huko kwenu mashudu ya pamba yanapatikana: ng'ombe wa kilo 250 mpe kilo 1 hadi 1.5 kwa siku, ukianza na nusu kilo wiki ya kwanza. Walishe jioni wakirudi kutoka machungani, kwenye vihori vya kutosha ili wanyonge wasisukumwe. Jiwe la chumvi na maji safi visikosekane. Ukitumia yurea kuongeza protini, usiikisie kamwe, ikizidi inaua.

Anza mapema, mbavu zikiwa bado hazijaonekana. Kulinda kilo alizonazo ng'ombe ni rahisi kuliko kuzirudisha. Waliokomaa wauze wangali wamenona, uwapunguzie wenzao ushindani wa malisho.