Dondoo muhimu: Salamu za Kiingereza bila kujikwaa

Kosa linalowanasa wengi ni "Good night". Hiyo si salamu, ni kwaheri ya usiku. Ukibisha hodi kwa mtu saa mbili usiku, sema "Good evening", hata kama sisi saa hiyo tunaiita usiku. "Good night" iweke hadi mnapoachana, au mtu anapokwenda kulala.

"How are you?" nayo haidai habari za watoto, mifugo na mvua. Jibu "Fine, thanks. And you?" kisha sema lililokuleta. Uingereza muuza duka anaweza kukuuliza "You all right?" Hajakuona mgonjwa, anakusalimu tu. Shikamoo usiitafutie tafsiri, haipo. Heshima itoe kwa "Sir", "Madam", au "Mr" na jina la ukoo. "Mr John", ikiwa John ni jina lake la kwanza, huwashangaza wenyewe.

Kujitambulisha ni kwepesi: "I'm Asha", mkono, halafu "Nice to meet you". Maneno hayo ni ya mara ya kwanza tu; mkionana tena ni "Nice to see you".

Na rafiki aliyeadimika usimwambie "You are lost" kwa kuwa kwetu tunasema "umepotea". Ataanza kutafuta ramani! Mwambie "Long time no see".

Kuaga? "See you tomorrow" kama kweli kesho mnaonana, "Take care" kama hamna miadi. Ukikwama, "Bye" inatosha.