SOMO LA MWEZI: MKAA WA KULISHA UDONGO

Katika Luka 13:6-9 mtunza shamba aliuombea mtini usiozaa mwaka mmoja zaidi, autilie samadi. Nasi tusiukatie tamaa udongo uliochoka.

Chimbeni shimo pana juu, jembamba chini. Washeni moto, kisha tandazeni magunzi na samadi kavu, tabaka kwa tabaka. Ongezeni kila jivu jeupe linapoanza kuonekana. Mwisho zimeni kwa maji mengi.

Magunzi huacha kaboni idumuyo miaka mingi. Samadi huacha fosforasi na potasiamu. Lakini naitrojeni nyingi hupotea motoni. Basi changanyeni mkaa na mboji kabla ya kuupeleka shambani.

Maswali:
1. Tusipozima kwa maji, tutabaki na nini?
2. Kwa nini tunaongeza mboji?