Kuongoza Ukiwa Katikati: Mwongozo kwa Wafawidhi, Wakuu wa Vitengo na Wasimamizi wa Zamu

Mwongozo huu unamhusu mtumishi anayeongoza wenzake huku naye akiongozwa. Mfano wake mkuu ni muuguzi mfawidhi wa wodi katika hospitali ya halmashauri nchini Tanzania, kwa kuwa nafasi yake inaonyesha ugumu wa ngazi ya kati bila kificho. Ana wauguzi chini yake, lakini hakuwaajiri na hawezi kuwaachisha kazi. Anahitaji dawa, lakini funguo za stoo anazo mfamasia. Bomba la wodi likivuja, fedha ya kulitengeneza iko kwa mhasibu na idhini iko kwa Mganga Mfawidhi. Madaktari wanaopita wodini kila asubuhi hawawajibiki kwake. Juu ya hospitali wako Mganga Mkuu na Mkurugenzi wa halmashauri, juu yao TAMISEMI, na miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya. Pamoja na hayo yote, ndugu wa mgonjwa akiwa na lalamiko, wa kwanza kuulizwa ni sista inchaji.

Mwalimu wa taaluma, mtendaji wa kata, msimamizi wa zamu kiwandani na mkuu wa kitengo benki watayatambua mazingira haya bila kuelezwa zaidi.

Mtu wa nafasi hii hana fedha wala neno la mwisho. Alicho nacho ni kwamba mambo yanapitia kwake: maagizo yakishuka, taarifa zikipanda, makubaliano yakivuka kutoka idara moja kwenda nyingine. Kwa hiyo ushawishi wake unategemea ubora wa kile kinachotoka mikononi mwake kuliko unavyotegemea cheo au ucheshi. Ucheshi unasaidia, lakini wapo wafawidhi wanaopendwa na kila mtu ambao hawajawahi kupitishiwa hata ombi moja.

Kupeleka jambo juu

Wakuu wengi hawakatai maombi, wanayaacha yalale. Chukua dokezo sabili la aina inayojaa mafaili mengi: “Wodi ya wazazi ina upungufu mkubwa wa wauguzi, hasa usiku. Hali hii inahatarisha maisha ya mama na mtoto. Tunaomba ofisi yako ilitazame suala hili.” Huenda kila neno ni kweli. Lakini Mganga Mfawidhi hana wauguzi wa akiba kabatini, na kibali cha ajira hakitoki kwake. Akilisoma dokezo hilo haoni pa kuweka sahihi. Anaandika pembezoni “tujadiliane”, faili linarudi masjala, na mjadala haufanyiki.

Liandikwe upya, kwa tarakimu za mfano: “Zamu ya usiku wodi ya wazazi ina muuguzi mmoja. Mwezi uliopita, usiku mara 11, akina mama wawili au zaidi walijifungua ndani ya saa moja (nakala ya rejista ya MTUHA imeambatishwa). Kliniki ya mama na mtoto ina wauguzi wanne na hufungwa jioni. Napendekeza mmoja wao aingie zamu ya usiku wodini, kwa kupokezana, kuanzia ratiba ya mwezi ujao. Nimezungumza na mfawidhi wa kliniki. Anakubali mradi siku za chanjo zisiguswe. Naomba idhini yako kabla ya tarehe 25, siku ya kutoa ratiba.”

Dokezo la pili halikuongeza ukali. Limepunguza kazi ya msomaji. Hesabu zake zimetoka katika rejista ambayo hospitali yenyewe huitumia kutoa taarifa juu, hivyo mkuu hawezi kuzitilia shaka bila kujitilia shaka mwenyewe. Pendekezo halisubiri ajira mpya. Tarehe ina sababu yake, haikuwekwa kwa kushinikiza. Lakini sentensi yenye uzito kuliko zote ni ile ya mfawidhi wa kliniki. Mkuu anaogopa kuamua ugomvi wa wafawidhi wake wawili, na ugomvi huo ukiwa umekwisha kabla ya karatasi kumfikia, sahihi inakuja upesi.

Jizoeze basi kutopeleka juu tatizo lisilo na pendekezo, isipokuwa pale ambapo kukaa nalo kimya kunahatarisha mgonjwa. Hapo peleka tatizo lenyewe, saa hiyo hiyo, kwa simu, kisha liandike.

Majira nayo yana kauli yake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na Bunge la Bajeti huketi kati ya Aprili na Juni. Lakini kufikia wakati huo makadirio ya halmashauri yameshaandaliwa na kupita katika vikao vyake. Ombi la vitanda linaloandikwa Mei, hata likiwa zuri namna gani, linaomba kitu kilichokwisha kugawanywa. Liandikwe Novemba, wakati mpango wa hospitali bado ni rasimu na wenye kuuandika wanatafuta cha kuweka. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo vya kutolea huduma. Maana yake kwa mtu wa kati ni kwamba sehemu ya maamuzi imesogea jirani. Mfawidhi asiyehudhuria kikao cha mipango cha kituo chake, kwa kudhani hayo ni mambo ya wakubwa, anaacha kiti ambacho mwingine atakikalia.

Ujue pia utaratibu kuliko unavyotarajiwa kuujua. Bohari ya Dawa (MSD) ikikosa dawa, upo utaratibu wa Jazia, ulioanzia mkoani Dodoma mwaka 2014 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2018, unaokiwezesha kituo kununua pengo hilo kwa mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa. Mfawidhi asiyeujua hulalamika kikaoni kwamba dawa hakuna. Anayeujua humwuliza mfamasia kwa utulivu kama uthibitisho wa MSD umefika na kama oda ya mshitiri imeshaandaliwa. Swali la namna hiyo halimwaibishi mtu, na linaonyesha kwamba anayeuliza anafuatilia.

Ukishawasilisha, fuatilia kwa adabu. Katibu muhtasi na mtunza masjala wanajua faili liko wapi kuliko mkuu mwenyewe. Wasalimie siku ambazo huna shida pia. Katibu wa Afya, katika hospitali nyingi, ndiye anayejua jambo lipi litaingia kwenye agenda ya wiki ijayo. Anayewadharau watu hawa watatu kwa kuwa hawana stetoskopu atasubiri sana.

Idara za jirani

Hapa amri haina kazi kabisa. Huwezi kumwagiza mkuu wa maabara, wala afisa ugavi, wala msimamizi wa dobi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na wapo walioigeuza methali hiyo kuwa kisingizio cha kuomba chochote. Mkono unaozungumziwa hapa hubeba vitu visivyo na bei: takwimu sahihi za matumizi ya dawa zinazofika kwa mfamasia kwa wakati, sampuli zenye majina yanayosomeka, mashuka yaliyohesabiwa kabla ya kwenda dobi, dawa zinazokaribia kuisha muda kurudishwa stoo mapema ili wodi nyingine izitumie. Idara inayopokea kazi safi kutoka kwako kwa miezi mitatu itakusikiliza siku utakapoomba jambo lisilo la kawaida.

Mtu wa idara nyingine akikusaidia, mwandikie shukrani fupi na nakala uipeleke kwa mkuu wake. Ni karatasi isiyogharimu kitu, na ni ajabu jinsi inavyoandikwa kwa nadra.

Kushusha maagizo

Waraka umefika: rejista zote zijazwe kabla ya zamu kuisha. Njia ya mkato ni kuubandika ukutani na kusema “wamesema huko juu.” Maneno hayo yanakuokoa na lawama kwa siku moja na kukuondolea heshima kwa muda mrefu, kwa sababu umewatangazia watu wako kwamba wewe ni ubao wa matangazo. Mary Parker Follett, mwanamke wa Boston aliyeandika sana kuhusu uongozi katika miaka ya 1920, alishauri kwamba amri isionekane kuwa matakwa ya mtu juu ya mtu. Wahusika waitazame hali kwa pamoja na kuiacha hali yenyewe idai linalopaswa kufanywa. Kwa lugha ya wodini: waonyeshe wauguzi rejista yenye mapengo, waeleze jinsi kitabu hicho hicho kinavyobeba hoja ya kuomba mtu wa pili usiku, kisha waulize ni saa ngapi ya zamu ujazaji unawezekana. Watakwambia, na watakuwa sahihi kuliko waraka.

Kama agizo lenyewe unaliona halifai, lipinge juu, kwa hoja, kabla hujalishusha. Likipitishwa licha ya hoja zako, litekeleze bila kunong'ona. Kunong'ona huwa kunafika juu kabla ya taarifa ya utekelezaji.

Funzo kubwa la kushusha mabadiliko liko Mbeya. Mwaka 2007, kwa ushirikiano na shirika la Japani la JICA, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia utaratibu wa 5S uliozaliwa katika viwanda vya Japani na kutumika kwa mafanikio katika hospitali ya wanawake ya Castle Street jijini Colombo, Sri Lanka. Hatua zake zimepewa majina ya Kiswahili yanayoanza na herufi ile ile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Baadaye utaratibu huo ulienea katika hospitali nyingine nchini. Kinachomhusu mtu wa kati ni mahali kazi ilipowekwa: katika timu ndogo za uboreshaji ndani ya kila kitengo. Kuondoa vitanda vibovu koridoni, kuyapa mabomba ya sindano mahali pamoja panapojulikana, kuandika majina kwenye rafu. Mengi ya hayo hayangoji fungu la bajeti, na hakuna anayejua vizuri kuliko watu wa zamu ni kitu gani hakitumiki.

Hatua ya tano ndiyo inayozivunja wodi nyingi, na sababu haihitaji utafiti mrefu. Mfawidhi alipanga rafu mwenyewe, akapiga picha, wageni wakaja wakapongeza, wakaondoka. Aliporudi likizo alikuta kila kitu kimerudi kilipokuwa. Ukitaka jambo lishikiliwe, mpe kila muuguzi rafu yake, na ukaguzi wa wiki ufanywe na mmoja wao kwa zamu, wewe ukiwa mmoja wa wanaokaguliwa.

Mahali ushawishi unapokoma

Kuruka ngazi kwa mambo ya kawaida kunagharimu: utapata ulichotaka mara moja, kisha mkuu uliyemruka hataamini tena karatasi yako. Lakini wizi wa dawa, kudai rushwa kwa wagonjwa na unyanyasaji si mambo ya kushawishiana polepole. Yaandike, yenye tarehe, na umpelekee mkuu wako. Ikiwa yeye ndiye mhusika, TAKUKURU wanapokea simu bila malipo kwa namba 113, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015.

Mwisho, tunza faili lako ukikumbuka kwamba uhamisho unaweza kuja wakati wowote. Wengi hukabidhi vifaa na funguo tu. Katika hati ya makabidhiano ongeza madokezo ambayo hayajajibiwa na tarehe yalipopelekwa, makubaliano ya mdomo na idara nyingine (kama lile la kliniki na siku za chanjo), na jina la mtu katika kila ofisi anayeshughulikia kila aina ya jambo. Saini na anayekupokea mbele ya matroni, kisha nakala moja ibaki wodini.