Injini ya Pikipiki au Injini ya Gari? Somo kwa Mnunuzi wa Chombo cha Kubebea Mazao

Msimu wa mananasi unapokolea Kiwangwa, marundo ya matunda huonekana kando ya barabara ya lami itokayo Bagamoyo kwenda Msata, yakingoja usafiri. Mkulima mwenye chombo chake huchagua soko na saa ya kwenda. Asiye nacho humngoja mchuuzi aje na gari, na mchuuzi huyo anajua vema kwamba tunda lililokwisha kukatwa halina muda wa kubishana juu ya bei. Ndiyo maana wakulima wengi, mmoja mmoja au kwa vikundi, hujinyima miaka kadhaa ili wanunue chombo cha kubebea mazao. Fedha hizo zikipotea kwa uchaguzi mbaya, si rahisi zikusanywe mara ya pili. Somo hili limeandikwa kwa ajili yao.

Vyombo wanavyouziwa ni vya aina tatu. Cha kwanza ni guta, yaani pikipiki ya magurudumu matatu yenye bodi nyuma, ambayo injini yake kwa kawaida ni ya silinda moja yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 150 hadi 250. Cha pili ni kirikuu, lile gari dogo la mizigo kutoka Japani lenye injini ya silinda tatu na ujazo wa karibu 660. Cha tatu hakina jina moja: ni chombo cha kuundwa na fundi wa kuchomelea, mwenye fremu ya mabomba na injini yoyote iliyopatikana, ya pikipiki au ya gari lililokufa. Mtu anayeuza kimojawapo huanza na neno moja, kwamba injini yake "ina nguvu". Neno hilo peke yake halimsaidii mnunuzi.

Nguvu ya namna gani?

Injini ya pikipiki ya ujazo wa 200 hutoa takriban nguvu za farasi 15, lakini huzitoa inapozunguka kwa kasi sana, karibu mizunguko 8,000 kwa dakika. Injini ya kirikuu hutoa kati ya 40 na 50, tena katika mizunguko michache zaidi. Tofauti iliyo kubwa kwa mbeba mizigo ni ile nguvu ya kuzungusha, yaani uwezo wa kuusukuma mzigo kutoka mahali uliposimama. Hapo injini ya gari huishinda ile ya pikipiki mara tatu na zaidi.

Muuzaji wa guta atajibu kwamba gia hufidia pengo hilo, naye hasemi uongo. Mtu mwenye kata ndogo huweza kuujaza mtungi uleule anaoujaza mwenye ndoo, ila atainama mara nyingi zaidi. Guta lenye gia nzito hupanda kilima na mzigo wake, lakini hupanda polepole, na injini hupiga kelele njia nzima. Kilima kikiwa kifupi, hakuna ubaya. Kikiwa kirefu, au njia ikiwa ya mchanga, linazuka jambo la joto.

Injini nyingi za pikipiki hupozwa kwa upepo unaopita kwenye mapezi yake. Juu ya pikipiki injini imekaa wazi na chombo kinakwenda kasi, hivyo upepo unatosha. Ukiichukua injini hiyo ukaifungia chini ya kiti cha fremu ya kuchomelea, kisha ukaiburuzisha mzigo kwa mwendo wa mtu anayekimbia, upepo unakosekana wakati uleule ambao joto limezidi. Oili huwa nyepesi mno, pistoni huanza kukwaruza silinda, na mwenye chombo husikia nguvu ikipungua pasipo kujua sababu. Guta za kiwandani zenye rejeta ya maji zimejaribu kuliondoa tatizo hili. Mnunuzi wa guta la Kiwangwa, ambako barabara ya shamba ina mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, angefaa aitafute yenye rejeta hata ikimgharimu zaidi kidogo.

Hapa inafaa tuitaje oili yenyewe. Injini ya pikipiki huchukua takriban lita moja tu, na katika injini nyingi oili hiyohiyo hulainisha injini, giaboksi na klachi kwa pamoja. Injini ya kirikuu ina oili yake peke yake, karibu lita tatu. Basi oili ya pikipiki huchakaa mapema, na kuchelewa kuibadilisha kunaumiza viungo vitatu kwa mpigo. Zaidi ya hayo, baadhi ya oili za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo huifanya klachi ya pikipiki iteleze. Kopo la oili ifaayo huandikwa JASO MA. Duka likikupa oili ya gari kwa maelezo kwamba "zote ni zilezile", usikubali.

Mizani kabla ya injini

Tunapendekeza mnunuzi aanze na mizani kabla hajaitazama injini. Kirikuu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zimewekewa kikomo cha mzigo cha kilo 350. Wengi hushangaa wasikiapo hivyo, kwa kuwa kila siku huziona zikipita zimelala chali kwa mzigo ulio mara mbili ya huo. Tukichukua nanasi la wastani kuwa na kilo 1.75, kilo 350 ni mananasi 200. Mkulima mwenye mananasi 1,000 ya kupeleka sokoni ana kilo 1,750, nazo ni safari tano za halali. Hesabu hii ndiyo inayoonyesha kama kuna faida ya kumiliki gari dogo la kwenda Dar es Salaam, au kama ni nafuu kikundi kikodi lori siku moja na kununua chombo kidogo cha kutolea mazao shambani mpaka barabarani.

Guta nalo lina kibandiko cha kiwandani kinachotaja uzito linaoruhusiwa kubeba. Kisomeni pamoja na muuzaji. Hatari ya guta inaanzia kwenye breki na kwenye umbo lake kabla haijafika kwenye injini. Lina gurudumu moja tu mbele, na mananasi yakipangwa kupita kimo cha bodi, kona ndogo yatosha kulilaza. Kwenye mteremko mzigo hulisukuma kutoka nyuma, na breki zilizotosha likiwa tupu hazitoshi tena. Injini iliyoweza kulipandisha kilima haina maana kwamba breki zitaweza kulishusha.

Kwa rai yetu, basi, injini ya pikipiki inafaa kwa safari fupi kati ya shamba na barabara, kwa mzigo usiozidi kibandiko, na kwa mtu anayetaka spea za bei nafuu na fundi wa karibu. Safari ya kwenda Bagamoyo mjini au Dar es Salaam kwa lami, kila siku, ni kazi ya injini ya gari. Anayelazimisha guta kwenda Dar es Salaam anaokoa fedha za kununulia na kuzilipa baadaye kwa pistoni, matairi, na pengine mgongo wa dereva.

Chombo cha kuundwa

Tumeulizwa zaidi juu ya hiki cha tatu, na ndicho kinachotutia wasiwasi.

Kuunda gari kwa mkono si jambo la aibu wala geni. Huko Uingereza, tangu Lotus Seven ilipotolewa mwaka 1957, watu wamekuwa wakinunua magari yakiwa vipandevipande na kuyaunganisha nyumbani, na hadi leo wanajadiliana kama bora ni injini ya pikipiki au ya gari. Lakini wanaochagua ya pikipiki huko huweka injini kubwa yenye silinda nne, katika gari jepesi lisilobeba mzigo wowote, kwa ajili ya burudani. Jibu lao haliwezi kuhamishiwa kwenye chombo cha mananasi. Kwetu pia, mkoani Pwani, shirika la Nyumbu pale Kibaha liliunda malori na matrekta ya Kitanzania, nayo ilikuwa kazi ya wahandisi wenye karakana kamili.

Fundi wa kuchomelea anaweza kuwa hodari wa milango na mageti na bado asijue mambo haya. Injini ya pikipiki haina gia ya kurudi nyuma, hivyo ni lazima iongezewe kisanduku chake. Ikiunganishwa kwa cheni moja kwa moja na mhimili wa nyuma usio na difu, magurudumu mawili hulazimika kwenda mwendo mmoja hata kwenye kona, na chombo hukataa kukata kona huku kikila matairi. Injini ya gari nayo haiji peke yake. Inadai giaboksi, shafti, difu, rejeta na feni yake, na zile za miaka ya karibuni hudai pia kompyuta na nyaya zake zote, ambazo zikikosekana injini haiwaki. Uzito wake pamoja na giaboksi ni mara kadhaa wa ule wa injini ya pikipiki, na fremu iliyopimwa kwa injini moja isitumiwe kwa nyingine. Bei ndogo aliyoitaja fundi siku ya kwanza mara nyingi ni bei ya mabomba na injini tu.

Kisha kuna karatasi. Kadi ya usajili wa chombo huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Fremu ya kuchomelea haina namba ya chesisi ya kiwandani, na injini iliyotolewa kwenye gari lililokufa huwa na namba iliyoandikwa katika kadi ya mtu mwingine. Chombo kisicho na usajili hakipati bima, na bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni lazima kwa sheria kwa chombo chochote cha moto barabarani. Kikimgonga mtu, familia ya aliyegongwa haina kampuni ya kuidai. Itamdai mwenye chombo, na shamba lake liko hapo linaonekana. Kabla ya kumpa fundi fedha yoyote, nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato na kwa askari wa usalama barabarani ukaulize kama chombo unachokitaka kinaweza kusajiliwa na kwa masharti gani. Injini ambayo namba yake imekwanguliwa usiinunue hata kwa bei ya chuma chakavu.

Tukumbushe pia kwamba chombo cha namba za MC na gari ni vitu viwili mbele ya sheria. Kijana mwenye leseni ya pikipiki hakupewa ruhusa ya kuendesha kirikuu kwa kuwa tu usukani wake ni mwepesi.

Maneno ya kusema dukani

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi kinga ambayo wengi hawaitumii. Mnunuzi akimweleza mfanyabiashara kazi anayokusudia kuifanya kwa bidhaa, huku akitegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Lakini mnunuzi aliyeingia dukani akataja jina la kampuni tu, "nipe ile ya fulani", anajidhoofishia kinga hiyo, kwa kuwa amechagua mwenyewe. Kwa hiyo usianze na jina. Sema: "Nabeba mananasi kilo 350, kutoka shambani kwa njia ya mchanga yenye kilima, safari sita kwa siku, nipe kinachofaa." Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye ankara au kwenye mkataba, pamoja na aina ya injini, ujazo, uzito unaoruhusiwa na muda wa dhamana. Dai risiti ya EFD. Ukinunua kwa jirani ambaye si mfanyabiashara wa vyombo, kinga hii haikufikii, na hapo macho ya fundi wako ndiyo kinga pekee.

Muuzaji akidanganya juu ya uwezo au asili ya chombo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu wa namna hiyo, na malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani. Lalamiko lenye ankara iliyoandikwa kilo na kilima husikilizwa kwa urahisi kuliko lile la "aliniambia ina nguvu".

Mwisho, omba kukijaribu chombo kikiwa na mzigo. Kikundi kinaweza kubeba matenga yake hadi kwa muuzaji au kumwomba aje shambani. Pakieni uzito halali, mkipandishe kilima mnachokijua, mkisimamishe katikati na kukiondoa tena. Rudini mkishuke kwa gia ndogo huku mkizijaribu breki. Halafu zimeni injini, ngojeni dakika kumi, mwashe tena. Injini nyingine iliyochoka huweza kuwaka vizuri ikiwa baridi, na kukataa ikiwa moto, jambo ambalo muuzaji hatapenda mlijue.