Kisu na Saratani: Kazi ya Daktari Bingwa wa Upasuaji

Mwalimu wa biolojia anapofundisha mgawanyiko wa seli, huenda akaulizwa swali lisilomo kitabuni: Je, ni kweli kuwa saratani ikiguswa na kisu husambaa? Swali hili si la mtihani tu. Huenda nyuma yake yuko mama au shangazi aliyegundua uvimbe, naye ameshauriwa na majirani asikubali kupasuliwa. Katika makala haya tutaeleza kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa saratani, kisha tutalijibu swali hilo.

Seli za mwili wenye afya hugawanyika kwa kiasi na kwa wakati wake. Seli za saratani huasi utaratibu huo. Huongezeka bila kikomo, hupenya sehemu za jirani, na hatimaye baadhi yake huweza kuchukuliwa na damu au limfu hadi mapafuni, kwenye ini au mifupani. Maadamu uvimbe ungali mahali pamoja, kisu chaweza kuuondoa wote. Seli zikishatawanyika, mara nyingi kisu peke yake hakitoshi.

Kazi ya bingwa huyu ina hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kuhakikisha, kwa sababu si kila uvimbe ni saratani. Kipande kidogo hutolewa kwa sindano au kwa kisu, na mtaalamu wa patholojia hukichunguza kwa hadubini. Hatua ya pili ni kupima ugonjwa umefika wapi. Daktari hupapasa tezi za limfu, na huagiza picha za eksirei na vipimo vingine. Hatua ya tatu, ikiwa upasuaji unafaa, ni kuutoa uvimbe mzima pamoja na ukingo wa nyama yenye afya unaouzunguka. Ukingo huo nao huchunguzwa, ili ijulikane kama kuna seli za saratani zilizobaki.

Sasa tulirudie swali letu. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Seli zao zilikwisha kusambaa kabla ya upasuaji, ila zilikuwa chache mno kuonekana. Zinapojitokeza miezi kadhaa baadaye, watu husema kuwa kisu ndicho kilichozitawanya. Hilo ni kosa la kufikiri. Jambo kutokea baada ya jingine si ushahidi kwamba limesababishwa nalo. Jogoo huwika kabla ya mapambazuko, lakini si yeye aletaye jua: awike asiwike, kutakucha.

Hata hivyo, tusiseme kwamba hofu hiyo haina chembe ya ukweli. Katika hali chache, kisu au sindano isiyopangwa vizuri huweza kuacha seli za saratani njiani ilimopita. Kwa hiyo, katika saratani ya mfupa wa mguu, kwa mfano, bingwa hupanga mapema mahali pa kuchukulia kipande, ili njia hiyo iweze kuondolewa pamoja na uvimbe. Hii ni sababu ya kumtafuta bingwa, wala si sababu ya kumkimbia.

Bingwa mwema pia hujua mahali ambapo kisu hakifai. Mnamo mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alianza kuchunguza watoto waliokuwa na uvimbe wa taya. Alitangaza uchunguzi wake mwaka 1958. Upasuaji haukuwaponya watoto hao. Katika miaka ya 1960, yeye na wenzake waliwapa dawa. Uvimbe wa wengi ulinywea upesi, na baadhi yao walipona kabisa. Mtu wa kisu alikiweka kisu chini, na watoto wakaishi. Kwa sababu hiyo, siku hizi bingwa wa upasuaji hushauriana na wataalamu wa mionzi, wa dawa na wa patholojia kabla ya kuamua.

Je, bingwa huyu hupatikanaje? Njia huanzia karibu na nyumbani: zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kutoka hapo barua ya rufaa. Nchini Tanzania, wagonjwa wa saratani hupelekwa katika hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC na Bugando, na katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: Kipande kimechunguzwa? Ugonjwa umefika wapi? Upasuaji huu unakusudia kuponya au kupunguza maumivu? Baada yake kutafuata tiba gani?

Uvimbe usiopungua usisubiri. Kuchelewa huipa saratani nafasi ya kusambaa.

Maswali

1. Kwa nini ukingo wa nyama yenye afya hutolewa pamoja na uvimbe?
2. Toa mfano mwingine, kutoka maisha ya kila siku, wa watu kudhani kuwa jambo lililotangulia ndilo lililosababisha lililofuata.
3. Jirani yako anakataa kutolewa kipande cha uvimbe. Ungemweleza nini?