Somo la Afya Shambani: Maziwa Hayazuii Sumu ya Viuatilifu

Wapo wakulima wa pamba, nyanya na vitunguu ambao hunywa maziwa kabla ya kupulizia dawa, wakiamini kuwa ni kinga. Imani hiyo si sahihi, na madhara yake ni makubwa: anayejiona amekwisha kukingwa huingia shambani kifua wazi na miguu mitupu.

Njia kuu ambayo kiuatilifu humwingia mpuliziaji ni ngozi. Hupenya mikononi wakati wa kuchanganya, mgongoni bomba linapovuja, na miguuni anapopita kwenye majani yaliyolowa. Maziwa yaliyomo tumboni hayawezi kuizuia sumu inayopita mgongoni. Kinga ya kweli ni hii ifuatayo.

Kabla ya kupulizia: Soma kibandiko. Utepe mwekundu huonesha sumu kali zaidi, ukifuatiwa na wa njano, buluu na kijani. Hata hivyo, kijani nayo ni sumu. Kagua bomba lisivuje. Vaa glavu za mpira, buti, barakoa, miwani, na nguo za mikono mirefu. Changanya kwa kijiti, kamwe si kwa mkono.

Wakati wa kupulizia: Chagua asubuhi au jioni, upepo ukiwa umetulia. Usile, usivute sigara, wala usizibue ncha ya bomba kwa kinywa.

Baada ya kupulizia: Oga kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, maji hayo yamiminwe ndani ya bomba yatumike shambani, kisha itobolewe. Isiwekwe maji ya kunywa wala mafuta ya kula, maana mtoto hawezi kujua ilibeba nini.

Dalili za sumu ni pamoja na mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kusinyaa, misuli kutetemeka na kupumua kwa shida. Mwondoe mgonjwa shambani, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni huku nawe umevaa glavu. Usimtapishe. Mpeleke upesi kituo cha afya pamoja na kibandiko cha dawa, ili mganga ajue ni sumu gani anayoitibu.

Maziwa tuyanywe kwa ajili ya lishe. Kwa ushauri zaidi, mwone Afisa Ugani wa kata yako kabla ya kufungua chupa.