KOKO ANAPOSAHAU
Somo kwa wamama wanaoleta watoto kliniki



Leo umeleta mtoto kwa kipimo na chanjo. Tumezoea kuongea nawe juu ya bugali na sombe, juu ya maharagwe, maji safi na chandarua. Somo la leo ni juu ya mtu mwingine wa nyumba yako, yule uliyemwacha nyumbani: koko, mama mzee aliyekulea wewe ao aliyemlea bwana yako.

Nianze na jambo la kwetu. Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, koko wangu alianza kupotea. Alienda sokoni kwa njia aliyoizoea miaka yote, akashindwa kurudi. Alificha chumvi, halafu akasema wakwe wameiba. Usiku aliamka, akazunguka kiwanja akisema peke yake. Mtoto wa jirani akafa kwa malaria, na watu wakaanza kusema: "Koko iko mulozi. Anatembea usiku." Ndugu wakamtoa ndani ya nyumba, wakampeleka kulala peke yake katika jiko la nje. Mimi nilikuwa na vitabu vya ubongo mkononi, lakini nilinyamaza, kwa sababu niliogopa wakubwa. Alikufa katika jiko lile. Ninaandika somo hili ili wewe usinyamaze.

1. Ugonjwa huu ni nini?

Kila mtu akizeeka anasahau kidogo. Kusahau jina la mgeni si ugonjwa. Lakini mama aliyesonga bugali miaka hamsini, akisimama mbele ya chungu bila kujua aanze na maji ao na unga, huyo ni mgonjwa. Wanganga wanauita ugonjwa huu demensia. Aina inayoonekana zaidi ni ile ya Alzheimer.

Alzheimer ni jina la munganga wa Ujerumani. Mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt, alipokea mama wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa anasahau na kumshuku bwana yake bure. Mama huyo alipokufa mwaka 1906, munganga akatazama ubongo wake kwa mikroskopi, kama vile sisi tunavyotafuta malaria katika damu. Akaona uchafu uliogandamana katikati ya seli za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Basi ugonjwa huu una alama ndani ya mwili, na alama hiyo inaonekana kwa macho. Si ulozi.

2. Kwa nini mmoja anapotea na mwingine hapana?

Wazee wawili wanaweza kuwa na uchafu ule ule katika ubongo. Mmoja anapotea, mwingine anaendelea vizuri. Namna gani?

Mwaka 1986 mwalimu mmoja wa Marekani, David Snowdon, alianza kufuata maisha ya masista wazee wa Kanisa Katoliki. Aliwachagua kwa sababu wanaishi karibu namna moja: chakula kimoja, nyumba moja, hawavuti tumbako, hawazai. Masista 678 walikubali kupimwa akili mara kwa mara, na kutoa ubongo wao upimwe baada ya kufa. Wale waliosoma sana waliishi miaka mingi zaidi, na wengi wao walibaki wanajitunza wenyewe katika uzee.

Masista wengine walikuwa wameandika habari za maisha yao wakiwa vijana, karibu na miaka 22. Karatasi zile zilikuwa zimehifadhiwa. Wale ambao maandiko yao yalikuwa na mawazo mengi katika kila sentensi, ni wachache tu kati yao waliopata Alzheimer miaka karibu sitini nyuma. Wale walioandika kwa mawazo machache, wengi zaidi waliipata.

Mmoja kati ya masista hao aliitwa Sista Mary. Aliacha masomo mapema, akawa mwalimu, lakini aliendelea kusoma wakati wa likizo hata akamaliza sekondari akiwa na miaka 41. Alikufa akiwa amepita miaka 101, na akili yake ilikuwa ingali nzuri. Walipopima ubongo wake, waliona uchafu mwingi na nyuzi nyingi za Alzheimer. Ugonjwa ulikuwamo, lakini haukumshinda.

Fikiri juu ya shamba. Mama mwenye mihogo peke yake, ugonjwa wa mihogo ukiingia, nyumba inalala njaa. Mama mwenye mihogo, maharagwe, viazi na migomba, ugonjwa ule ule unaingia kwake, lakini watoto wanakula bado. Masomo hayafungi njia ya ugonjwa. Masomo yanaongeza mashamba ndani ya ubongo. Tunaita jambo hili akiba ya akili.

3. Na tabia ya mtu?

Katika mji wa Chicago, wanganga wengine walifuata masista, mapadri na mabruda 997 kwa miaka hata 12. Waliwauliza juu ya tabia zao. Mwaka 2007 walitoa habari: wale wenye bidii na utaratibu, wanaoanza kazi na kuimaliza, walipata Alzheimer mara chache sana kuliko wale wasio na bidii. Lakini ndani ya ubongo wao uchafu haukuwa mdogo zaidi. Tena ni kama shamba lile. Wale wanaohangaika siku zote, wenye wasiwasi unaokaa moyoni miaka na miaka, waliupata zaidi.

Hapa, mama, tuangalie. Usitoke kliniki ukisema: "Koko anasahau kwa sababu alikuwa muvivu." Hapana. Masista wenye bidii pia waligonjwa. Mara nyingine ugonjwa wenyewe unageuza tabia mbele ya kusahau kuonekana: mtu mpole anakuwa mkali, mtu mwenye furaha anakaa kimya. Na wasiwasi wa mama aliyekimbia vita, akafiwa na watoto, si kosa lake.

Tena, wamama wengi wa zamani hawakuingia shuleni. Je, wote watapotea? Hapana. Katika mji wa Ibadan, Nigeria, walipima wazee Wayoruba, wengi wao wasiojua kusoma, wakawalinganisha na Wamarekani weusi wa mji wa Indianapolis. Mwaka 2001 waliandika kwamba wazee wa Ibadan waliingia katika demensia chini ya nusu ya wale wa Indianapolis. Wale wa Ibadan walikuwa na magonjwa machache zaidi ya moyo na mishipa ya damu. Basi shule ni akiba moja. Mwili wenye afya ni akiba nyingine.

Masista wa Snowdon walionyesha jambo hilo pia. Wale wenye uchafu wa Alzheimer, na juu yake vidonda vidogo vya mishipa ya damu katika ubongo, walipotea zaidi kuliko wenye uchafu peke yake. Ni kwa sababu hiyo tunakupima tansio.

4. Ufanye nini?

Kwa mtoto wako. Umpeleke shuleni, musichana sawa na muvulana. Mwaka 2019 serikali yetu ilitangaza kwamba shule za msingi za serikali hazina malipo. Ninajua kalamu, nguo na daftari bado zinaomba pesa. Lakini usimtoe musichana darasa la nne ili alinde mdogo wake. Kila mwaka anaosoma ni shamba moja atakalolima akiwa na miaka 80, wakati wewe hauko tena. Mfundishe pia kumaliza kazi aliyoanza.

Kwako wewe. Hujachelewa. Sista Mary alimaliza sekondari kwa miaka 41. Kama kuna darasa la wamama la kusoma na kuandika, ingia. Imba katika kwaya, jifunze mshono, hesabu pesa ya soko wewe mwenyewe. Pima tansio na sukari. Punguza chumvi. Acha tumbako na kanyanga. Masikio yakianza kuziba, njoo tuyaangalie, maana asiyesikia anaacha kuongea, na asiyeongea anapoteza akiba yake.

Kwa koko. Kwanza, umlete hospitali. Kama amechanganyikiwa kwa gafula, siku moja ao mbili, umlete leo hii: inaweza kuwa malaria, mapafu, mkojo, ao mshipa wa ubongo uliopasuka. Kuchanganyikiwa namna hiyo mara nyingi kunatibika. Kama ni pole pole, kwa miezi na miaka, umlete pia. Hatuna dawa ya kuponya demensia, lakini tutatafuta magonjwa mengine yanayofanana nayo, kama huzuni kubwa.

Nyumbani, usibishane naye. Akisema chumvi imeibwa, mtafutie chumvi. Mpe kazi ndogo aliyoizoea: kuchambua maharagwe, kubeba mtoto akiwa ameketi. Alale karibu na mtu, na taa ndogo usiku. Asiachwe peke yake karibu na moto. Anayemtunza apumzike pia. Muda mwingine dada mwingine ashike zamu.

Usimfunge kamba. Usimpige. Usimpeleke kwa watu wanaotafuta ulozi, hata kama wanaomba katika jina zuri. Na mtu akisema mbele yako, "Koko iko mulozi," jibu bila kuogopa: "Hapana. Koko ni mgonjwa. Ni ugonjwa wa ubongo, na hospitali wanaujua."

Huyu ndiye aliyekufundisha kutembea, kusema, kuhesabu vidole. Akiba uliyo nayo leo, shamba la kwanza alililima yeye.

Maulizo ya kujibu pamoja

1. Kusahau kwa kawaida na ugonjwa vinatofautiana namna gani?
2. Kwa nini Sista Mary hakupotea, ingawa ugonjwa ulikuwa katika ubongo wake?
3. Koko akichanganyikiwa kwa gafula, utafanya nini siku hiyo hiyo?
4. Jirani akisema koko ni mulozi, utajibu nini?

Ukirudi nyumbani, soma karatasi hii mbele ya bwana yako na wakwe. Kama hujui kusoma, mwombe musichana wako akusomee.